Alichosikia na Alichokisia: Maurice Delafosse na Lugha za Afrika Magharibi



Mwanafunzi wa sekondari hapa kwetu akiulizwa dola ya Mali ilianza lini, huandika 1235, mwaka ambao Sundiata Keita alimshinda Sumanguru Kante katika vita vya Kirina. Mwalimu humpa alama kwa kuwa kitabu kimesema hivyo. Kitabu hicho kimeutoa mwaka huo katika kitabu kingine, nacho katika cha kabla yake, na ukizidi kurudi nyuma safari inakomea mwaka 1912, mezani pa ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni ya Ufaransa aliyeitwa Maurice Delafosse. Waandishi wa Kiarabu walioandika habari za Mali hawautaji mwaka huo. Majeli wa Kimandinka, wale manju wanaozaliwa na kazi ya kutunza nasaba na sifa za wafalme, hawasimulii kwa miaka.

Nimemchagua Delafosse kwa sababu katika maisha ya mtu mmoja tunaona mambo mawili ambayo kwa kawaida tunayatafuta kwa watu wawili tofauti. Yupo Delafosse aliyeketi na msemaji, akasikiliza, akaandika alichosikia. Yupo pia Delafosse aliyekutana na kimya cha kumbukumbu akashindwa kukivumilia, akakijaza kwa hesabu zake. Wa kwanza bado ni mwalimu wetu. Wa pili ametupa kazi ya miaka mia moja ya kufuta. Wote wawili wana jina moja kwenye jalada, tena mara nyingi ndani ya kitabu kimoja, na msomaji asiyejua kuwatenganisha hupotea.

Alizaliwa mwaka 1870 huko Sancergues, katika nchi ya Berry, katikati ya Ufaransa. Alisoma Kiarabu mjini Paris, katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kwa mwalimu Octave Houdas, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa mkwewe. Mwaka 1891 alikwenda Biskra, Algeria, kujiunga na Ndugu Wenye Silaha wa Sahara, kikosi alichokianzisha Kadinali Lavigerie ili kupambana na biashara ya watumwa. Lavigerie huyo ndiye mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ambao msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878 kuelekea bara, Tabora na Buganda. Kikosi cha Biskra hakikudumu. Kijana akarudi Paris, akamaliza kitabu cha lugha ya Dahomey, Kifon, kilichochapishwa mwaka 1894, na mwaka huohuo akapanda meli kwenda Côte d'Ivoire kuanza kazi ya ukarani katika idara ya mambo ya wenyeji.

Tusijifiche katika jambo hili. Alikwenda kutawala. Ofisa aliyejua lugha alipata habari za kodi, za kesi na za njia za biashara bila kumtegemea mkalimani, na serikali yake ilimhitaji kwa hilo. Vitabu vyake vya mwanzo ni vitabu vya kazi: sarufi fupi, orodha za maneno, mazungumzo ya kumsaidia ofisa mgeni afike kijijini na kueleweka. Lakini hata katika kazi hiyo kulikuwa na viwango. Wengine waliandika maneno mia mbili, wakaridhika. Delafosse alitaka kujua sentensi inasimamaje.

Kituo chake cha mwanzo kilikuwa katika nchi ya Wabaule, eneo la Toumodi. Huko aliishi na mwanamke wa Kibaule, Amoin Kré, akazaa naye wana wawili. Mmoja wao, Jean Delafosse, alikuja kuwa waziri katika serikali ya Félix Houphouët-Boigny, rais wa Côte d'Ivoire. Baba yao alirudi Ufaransa, na mwaka 1907 akamwoa Alice Houdas, binti wa mwalimu wake. Sioni namna ya kuitenga kazi yake ya Kibaule na Kianyi na nyumba ile ya Toumodi. Lugha iliyojaa maneno ya jikoni, ya ugonjwa wa mtoto na ya ugomvi wa majirani haisikiki barazani kwa mkuu wa wilaya peke yake. Historia ya isimu ya Afrika, pamoja na ya Kiswahili, ina watu wengi waliofundisha lugha yao nyumbani na shambani bila jina lao kufika kwenye jalada, na kila tunapomtaja mwandishi wa sarufi ya kale tunapaswa kuuliza nani alikuwa ameketi upande wa pili wa meza.

Mwishoni mwa karne ya 19 alitumwa Monrovia kuiwakilisha Ufaransa nchini Liberia. Ofisa mwingine angehesabu meli na kuandika barua. Yeye aliwafuata Wavai. Watu hawa walikuwa na maandishi yao wenyewe, yaliyobuniwa na Momolu Duwalu Bukele katika miaka ya 1830, ambamo kila alama husimama badala ya silabi nzima, na alama zote zinapita 200. Mwaka 1899 Delafosse alichapisha makala ndefu kuhusu Wavai, lugha yao na maandishi hayo. Ilikuwa miaka ambayo wasomi wengi wa Ulaya walikariri kwamba Mwafrika hajui kuandika, na hapa palikuwa na Mfaransa akieleza alama kwa alama jinsi watu wa pwani ya Liberia wanavyoandikiana barua.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ilitokana na safari ya kugawa nchi. Kuanzia mwaka 1901 hadi 1903 Delafosse alikuwa katika tume ya Ufaransa na Uingereza ya kuweka mpaka kati ya Côte d'Ivoire na Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana. Walipanda kutoka misitu ya pwani kuelekea nyika za kaskazini wakipima, wakichora ramani na kuweka alama. Mchana kazi ilikuwa kuamua kijiji hiki ni cha nani. Lakini katika miaka hiyohiyo ya safari na vituo alikusanya maneno kutoka kwa wasemaji wa lugha mbalimbali, na mwaka 1904 alichapisha msamiati linganishi wa lugha na lahaja zaidi ya 60 za Côte d'Ivoire na nchi za jirani. Orodha zile zinapita juu ya mpaka aliousaidia kuuweka. Waanyi wako pande zote mbili, Waabroni wako pande zote mbili, Wakulango vilevile. Sijui hati nyingine ya ukoloni inayoonyesha kwa uwazi hivyo kwamba mstari uliochorwa na ofisa haukuwa mstari wa watu, na ushahidi umeandikwa kwa mkono wa ofisa mwenyewe.

Thamani ya kitabu kile ni kwamba maneno yalilinganishwa kwa kipimo kimoja, yakiandikwa na sikio moja. Mlinganisho wa namna hiyo ulikuwa na mtangulizi mkubwa, Sigismund Koelle, aliyekusanya lugha za watu waliookolewa kutoka meli za watumwa huko Freetown na kuchapisha kazi yake mwaka 1854. Koelle aliwasikia watu wakiwa ugenini. Delafosse aliwasikia wasemaji wake wengi wakiwa katika nchi zao, hatua chache kutoka mashamba yao. Toka hapo akapangiwa Korhogo, akaandika juu ya Wasenufo kwa kirefu, na kazi hiyo bado inasomwa na kila anayeanza kuwachunguza.

Udhaifu wake unaonekana hata ndani ya isimu, pale alipotaka kanuni moja ifungue milango yote. Mwaka 1901, katika kitabu chake cha Kimandinka, alizigawa lugha za Kimande kwa neno la hesabu, kumi. Zinazosema *tan* akaziweka kundi moja, zinazosema *fu* au mfano wake akaziweka jingine. Mgawanyo huo ulipendwa kwa sababu ni rahisi kukumbuka, ukakaririwa kwa nusu karne. Lakini neno moja haliwezi kubeba ukoo mzima. Mwaka 1958 mwanaisimu William Welmers, akitumia msamiati mpana, alionyesha kwamba mpasuko mkubwa uko kwingine: Kisusu na Kimende, ambavyo Delafosse aliviweka pamoja na Kidan na Kiguro, viko upande mmoja na Kimandinka. Hata hivyo maneno yenyewe aliyoyakusanya yaliendelea kutumika. Kilichoanguka ni rafu alizoyapangia.

Sasa tufike kwenye kitabu kilichompa jina. Gavana François-Joseph Clozel aliwataka wakuu wa wilaya za koloni la Haut-Sénégal-Niger, ambalo sehemu yake kubwa ni Mali na Burkina Faso za leo, wapeleke taarifa za watu, mila na historia za maeneo yao. Delafosse akapewa jukumu la kuzipanga. Mwaka 1912 zikatoka juzuu tatu: ya kwanza nchi, watu na lugha; ya pili historia; ya tatu ustaarabu na desturi. Hakuna Mfaransa aliyekuwa ameandika habari za Afrika Magharibi kwa mapana hayo. Ghana ya kale, Mali, Songhai, Wamosi, Wabambara wa Segu, wote wakapewa wafalme, miji, vita na miaka.

Na hapo ndipo alipokisia. Angalieni hesabu inavyokwenda. Ibn Khaldun, aliyeandika karne ya 14, anatoa orodha ya wafalme wa Mali na kusema kwamba Mari Djata, yaani Sundiata, alitawala miaka 25. Hija ya Mansa Musa tunaijua kwa mwaka, 1324. Delafosse alirudi nyuma kutoka hapo, akijaza mapengo ya orodha, akamweka Sundiata kati ya 1230 na 1255. Vita vya Kirina akavipa 1235. Maangamizi ya mji wa Ghana akayapa 1240. Msomaji haonyeshwi wapi hati imeishia na wapi kalamu imeendelea peke yake. Sentensi ya kubahatisha imeandikwa kwa sauti ileile ya sentensi yenye ushahidi, na hili kwangu ndilo kosa kubwa, kubwa kuliko miaka yenyewe, kwa kuwa kukadiria ni haki ya mtafiti mradi aseme anakadiria.

Charles Monteil, mwenzake katika utumishi na mtafiti makini wa Wasoninke, hakukubaliana naye. Maonyo ya namna hiyo hayakufika shuleni. Nchi za Afrika zilipopata uhuru zilihitaji historia yenye wafalme na miaka, na Delafosse alikuwa ameiandaa tayari. Mwaka 1236 unaotajwa sana kuwa ndio wa baraza la Kurukan Fuga, lililopitisha sheria za dola ya Mali, unakuja mwaka mmoja tu baada ya Kirina ya Delafosse. Siwalaumu walioutumia. Nawalaumu wanaojua leo na bado wanautungia maswali ya mtihani bila neno la tahadhari.

Pabaya zaidi ni pale alipotafuta asili. Mwaka 1900 alikuwa amechapisha makala akidai kuona dalili za ustaarabu wa Misri na za watu weupe huko Côte d'Ivoire. Mwaka 1912 akasema walioanzisha dola ya Ghana walikuwa wahamiaji aliowaita Wayahudi wa Syria, na kwamba Wafulani ni kizazi chao. Hakuwa na ushahidi uliosimama. Alikuwa na mazoea ya zama zake, kwamba jambo kubwa likionekana Afrika lazima limetoka nje. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunayafahamu mazoea hayo vizuri, maana miji yetu ya mawe nayo ilifanyiwa vivyo hivyo hadi wataalamu wa mambo ya kale walipochimba na kuona kwamba msingi wake ni wa Kiafrika.

Lakini nawaomba msikimbilie kufunga kitabu, kwa kuwa kuhusu hao Wafulani kuna jambo la ajabu. Mwaka huohuo wa 1912, mjini Hamburg, Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, alichapisha kitabu akiiweka lugha ya Kifula katika ukoo alioutaja kuwa wa Kihamiti, mbali na lugha za Weusi wa jirani. Delafosse, pamoja na ngano yake ya Syria, alikataa. Kwa sikio lake Kifula kilikuwa ndugu wa Kiserer na Kiwolof, lugha za Senegal. Msemaji wa Kiswahili anaweza kuonja kwa nini. Sisi tunabeba ngeli mwanzoni mwa neno: mtu, watu. Kifula kinaibeba mwishoni: *pullo* ni Mfulani mmoja, *fulɓe* ni wengi; *gorko* ni mwanamume, *worɓe* wanaume, na mnaona konsonanti ya mwanzo nayo inavyobadilika. Kiserer kina mabadiliko ya namna hiyohiyo. Basi mtu mmoja, katika kitabu kimoja, aliwatoa watu Syria na kuiacha lugha yao Senegal. Alilazimika kubuni kwamba wageni walijifunza lugha ya wenyeji, ili ngano iendane na sikio. Joseph Greenberg alipoupanga upya ukoo wa lugha za Afrika kuanzia mwaka 1949, Kifula kilibaki pale Delafosse alipokiweka, na Uhamiti wa Meinhof ukaachwa.

Alishikilia pia kwamba mfumo wa ngeli ni wa kale katika lugha za Afrika Magharibi, na kwamba zisizo nao leo ziliupoteza njiani. Mwaka 1924, katika kitabu kikubwa cha lugha za dunia kilichohaririwa na Antoine Meillet na Marcel Cohen, aliandika sura ya lugha za Sudan na Guinea akizigawa katika makundi 16. Makundi mengine yamevunjwa. Wazo la kwamba lugha hizi zina historia ndefu ya pamoja, inayoweza kufuatiliwa kwa sarufi, limebaki.

Mfano wa hati ya *Tarikh al-Fattash* unaonyesha kwa upande mwingine kosa lilelile la kuficha mipaka ya ushahidi. Mwaka 1913 yeye na Houdas walitoa maandishi ya Kiarabu na tafsiri ya Kifaransa ya kitabu hicho cha historia cha Timbuktu kinachohusishwa na Mahmud Kati. Walikuwa na nakala zaidi ya moja zisizolingana, wakaziunganisha kuwa kitabu kimoja kinachosomeka. Mwaka 1971 mwanahistoria Nehemia Levtzion alionyesha kwamba nakala mojawapo ina nyongeza za karne ya 19, zilizotiwa ili kumtukuza Seku Amadu, mtawala wa Masina, kwa kumtabiri kabla hajazaliwa. Mwaka 2020 Mauro Nobili akaenda mbali zaidi, akaeleza kwamba nakala ile ni kitabu kingine kabisa, kazi ya Nuh bin al-Tahir, mwanachuoni wa dola ya Masina. Kwa kulainisha tofauti za nakala, Houdas na Delafosse walimficha mwandishi Mwafrika mwenye siasa zake, ujuzi wake na ujasiri wake. Karne nzima tulisoma kazi yake bila kumjua.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa Dakar, katika ofisi kuu ya Afrika Magharibi ya Kifaransa. Ufaransa ilitaka askari, na vijana walikuwa wakikamatwa vijijini. Gavana Mkuu Joost Van Vollenhoven aliukataa uandikishaji mpya, akajiuzulu Januari 1918, akaenda vitani na kufa mwaka huohuo. Delafosse alikuwa na msimamo huohuo, na mwaka 1918 naye akaiacha Dakar. Toka hapo alibaki mwalimu mjini Paris, katika Chuo cha Lugha za Mashariki na katika chuo cha maofisa wa makoloni. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kifupi cha historia na utamaduni wa Waafrika, kikilenga wasomaji wa kawaida, na Léopold Sédar Senghor ni mmoja wa vijana Weusi waliokulia katika kukisoma. Senghor alimsifu maisha yake yote. Naelewa sababu: kwa mwanafunzi Mwafrika aliyeambiwa kila siku kwamba kwao hakukuwa na kitu, profesa Mfaransa anayetaja dola, mahakama, biashara na ufasaha wa majeli alikuwa msaada wa kweli.

Mwaka 1926 ilianzishwa London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, chini ya uenyekiti wa Lord Lugard. Wakurugenzi walikuwa wawili, Diedrich Westermann wa Ujerumani na Delafosse. Mwaka uliofuata taasisi ikatoa mwongozo wa tahajia za lugha za Afrika, ambao ndio ulioeneza herufi kama ɓ, ɛ na ɔ mnazoziona leo katika vitabu vya Kibambara na Kifula. Delafosse hakuuona. Alifariki Paris tarehe 13 Novemba 1926, akiwa na umri wa miaka 55, na Henri Labouret akashika nafasi yake.

Aliacha kazi ya Kimandinka ikiwa haijakamilika. Juzuu ya kwanza, sarufi pamoja na mlinganisho wa lahaja, ilitoka mwaka 1929. Kamusi yenyewe ilitoka mwaka 1955, karibu miaka 30 baada ya kifo chake. Nikiisoma namwona Delafosse ninayempenda: maana moja inazaa nyingine, lahaja inatajwa kwa eneo lake, neno linapewa sentensi. Kwetu tuna kazi ya kulinganisha nayo, kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padri Charles Sacleux, aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, akaichapisha uzeeni kwa subira ileile. Sacleux hakuandika nasaba za masultani kwa kukisia, na labda ndiyo maana sifa yake haina doa kubwa, lakini pia hakuna mwanafunzi wa shule anayelijua jina lake.

Miaka sita kabla kamusi ya Delafosse haijatoka, mwaka 1949, Solomana Kanté, Mmandinka wa Kankan, alikuwa Bingerville, Côte d'Ivoire, nchi ileile ambako karani wa mwaka 1894 alianzia. Huko alibuni maandishi ya N'Ko kwa ajili ya lugha yake, yenye alama za toni ambazo Wafaransa wengi waliziruka. Kisha akaandika sarufi, vitabu vya dini, tiba na historia, na kamusi inayoeleza Kimandinka kwa Kimandinka. Wanafunzi wangu wanaotaka kusoma lugha hizi huwa nawaambia waanze na kamusi hizo mbili zikiwa wazi pamoja mezani, na juzuu ya pili ya mwaka 1912 wasiifungue mpaka wawe wameshasoma Monteil, Levtzion na Nobili.